Ziwa lenye wenyewe

Kwa mtu aliyezoea Ziwa Victoria, ambako mvuvi husukuma mtumbwi majini bila kuulizwa hati ya kiwanja, utaratibu wa Ziwa Arrowhead huko California huonekana kama kinyume cha maumbile. Ziwa hilo la milima ya San Bernardino ni mali ya chama cha wakazi. Baada ya tetemeko la ardhi la 1971 kuzua hofu juu ya usalama wa bwawa la zamani, wenye nyumba walikubali kubeba deni la kujenga bwawa jipya, na mwaka 1975 wakaunda chama hicho.

Haki ya kutumia ziwa hufuata kiwanja; mgeni, hata awe na leseni, hawezi kuingiza boti yake mwenyewe, bali anaweza kupanda boti ya matembezi ya kulipia. Niliiona kuwa roho mbaya, mpaka nilipofikiria kome wa kigeni waliogunduliwa Ziwa Havasu, mpakani mwa California na Arizona, mwaka 2007, ambao husafiri kwa kujibandika kwenye boti zinazohamishwa kutoka ziwa hadi ziwa na kuziba mabomba ya maji. Hapo katazo lina mantiki, ingawa uzio wa ufukweni bado unanikera.