Triga ya bunduki ya kuwindia, usikimbilie kuilegeza

Msimu wa kulungu ukikaribia huku Minnesota, Marekani, mwezi wa 11 hivi, washkaji wanaanza kupiga simu na swali ni lilelile, kaka triga yangu (kile chuma unachovuta kwa kidole kufyatua) ngumu sana, naweza kuilegeza mwenyewe? Mimi nauliza kwanza umeipima? Wengi hawajapima. Kuna kimizani cha kunasa kwenye triga, unavuta taratibu mpaka ifyatuke uone imechukua uzito gani, mara tano unachukua wastani. Kwa kuwindia napenda kilo moja na nusu hivi na sishuki hapo. Wale wa kulenga shabaha mezani wanashuka mpaka gramu mia na kitu, lakini wao hawatembei kwenye theluji na glavu nene, kidole kikishapata ganzi hakiisikii triga nyepesi, unashtukia risasi imeshatoka.

Halafu inategemea bunduki yenyewe. Tikka T3x ya Ufini imetengenezwa ili mwenyewe urekebishe, skrubu ni moja, unaifikia kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, kupitia pale magazini ya risasi inapoingia, na uzito unacheza kati ya kilo 1 na 2. Hiyo sina shida nayo, soma kitabu chake uendelee.

Remington 700 yenye triga ya zamani ya Walker ni habari nyingine kabisa. Ina skrubu tatu, moja ya uzito wa springi, moja ya kuzuia triga isiende mbali baada ya kufyatua, na ya tatu ndiyo inaamua vile vyuma viwili vinavyozuia pini inayogonga risasi isiruke vishikane kwa kiasi gani. Hiyo ya tatu usiiguse jamani. Ukipunguza mshiko triga inakuwa tamu ajabu, ila vyuma vinabaki vimeshikana kwa unywele tu, ukigonga kitako chini au ukifunga bolti kwa nguvu (kile chuma chenye mkono unachosukuma kufunga chemba ya risasi) inalia yenyewe. Kiwandani wanazifunika hizo skrubu kwa gundi makusudi. Na hata triga mpya yao, X-Mark Pro, mwezi wa 4 mwaka 2014 waliziita zirudi, zile zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, kisa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha, bunduki inaweza kulia bila kuguswa triga. Gundi tu.

Ukiamua kurekebisha, risasi zote zipeleke chumba kingine, toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole uhakikishe. Zungusha skrubu kidogo kidogo, robo mzunguko halafu pima tena. Ukimaliza sasa ndo kazi yenyewe inaanza, ikiwa tupu na mtutu umeelekea pasipo na mtu, koki, yaani fungua na ufunge bolti pini iwe tayari kuruka, weka sefti (kile kitufe cha kuzuia isifyatuke), vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti bila kugusa kitu. Pini ikiruka hapo, bunduki hiyo haiendi porini. Halafu fungua na ufunge bolti kwa kishindo mara nyingi, na ukiwa umekoki sefti imetoka gonga kitako kwenye kapeti au raba, gonga na ubavuni kwa nyundo ya raba. Ikidondosha pini hata mara moja, peleka kwa fundi wa bunduki, usijiambie ni bahati mbaya.

Kitu kingine, kabla hujashika skrubu safisha kwanza. Nimeona triga nyingi "ngumu" ambazo ni mafuta yaliyoganda na vumbi la miaka, na kwenye baridi ya huku mafuta yanakuwa mazito, triga inaweza hata isirudi vizuri. Osha kwa ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya chuma, nje, mbali na moto, acha ikauke kabisa na usipake kitu ndani.

Na ukinunua bunduki iliyotumika, tazama zile skrubu kwanza, gundi ikiwa imepasuka au kichwa kimechubuka ujue kuna mtu alishaingia humo, fanya majaribio yote niliyosema kabla hujaiwekea risasi hata moja.