Moyo Nao Hula

Mwaka 2018, wiki ya maandalizi ya sikukuu ya mavuno, ndipo nilipojua kwamba moyo wangu una shida. Nilikuwa mwenyekiti wa wanawake usharikani kwetu, Dar es Salaam, na wanaoijua kazi hiyo wanajua maana yake. Kukiwa na msiba uko jikoni, kukiwa na harusi uko kwenye kamati, mgonjwa akilazwa wewe ndiye unayepita na daftari la michango. Shuleni nako kidato cha nne walikuwa wananisubiri. Nilikuwa nalala saa saba usiku, saa kumi nimeshaamka, na watu walinisifu kwa hilo.

Usiku ule nilishtuka usingizini, pumzi haitoshi. Nikikaa kitako inarudi kidogo, nikijilaza inakata. Moyo ulidunda mpaka nikawa nausikia masikioni. Mume wangu aliwasha taa, akanitazama usoni, akatoka kutafuta bajaji bila kuuliza kitu. Njiani nilianza kumpa maagizo ya watoto. Akanishika mkono: "Nyamaza, mama watoto. Vuta pumzi."

Zahanati muuguzi alinifunga mpira wa mashine mkononi, akapima, akahamia mkono wa pili, akapima tena. 198 kwa 112.

"Mama, dawa za presha unatumia?"

"Mimi sina presha."

"Unayo, mama," alisema kwa upole. "Ulikuwa hujui tu."

Alinipa dawa, akaniinulia kitanda upande wa kichwa, na kulipokucha nikaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Kwenye benchi la kusubiri niliogopa kuliko usiku. Usiku hakukuwa na nafasi ya kuwaza. Pale nilikaa katikati ya mama mwenye mtoto mchanga wa kufanyiwa upasuaji na mzee aliyevimba miguu, na mstari mmoja ukawa unanizunguka kichwani: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Mithali 4:23. Nimeufundisha mstari huo tangu nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na sikuzote niliufundisha kuhusu wivu, chuki na tamaa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala ubavu wa kushoto, daktari anakupaka jeli ya baridi kifuani, anakandamiza kifaa kidogo kati ya mbavu, na moyo wako unaonekana kwenye skrini. Niliuona. Vali nyembamba zilikuwa zikifunguka na kufunga, haraka, bila kungoja mtu aziambie. Machozi yalinitoka. Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tangu tumboni mwa mama yangu, mara kama laki moja kila siku, na sikuwahi kuishukuru.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Aligeuza skrini anionyeshe vizuri. "Mama, moyo wako unasukuma damu vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba haulegei." Akaeleza kuwa presha ikikaa juu kwa miaka, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na ukuta wa upande wa kushoto hunenepa kama misuli ya kuli wa bandarini. Ukinenepa unakuwa mgumu. Ukiwa mgumu, haufunguki vizuri kupokea damu inayorudi kutoka kwenye mapafu, nayo damu inarundikana huko nyuma. Ndiyo maana nikilala pumzi inakata.

Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulitafakari. Moyo wenyewe ni nyama, nao unahitaji damu ili uishi, na sehemu kubwa ya damu hiyo huipata wakati umelegea, kati ya pigo na pigo. Unapokaza, mishipa yake yenyewe inabanwa. Ukikimbia sana, kinachofupishwa zaidi ni ule muda wa kulegea.

Kwa hiyo moyo hula ukipumzika!

Jioni hiyo, nimelala wodini kwa uangalizi, nilimwomba mume wangu anisomee Marko 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, wana mengi ya kusimulia, na Yesu anawaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko anaeleza sababu: "walikuwako watu wengi, wakija, wakienda, hata haikuwapo nafasi ya kula." Alisoma mara mbili. Kazi waliyotoka kuifanya ilikuwa njema, yeye mwenyewe ndiye aliyewatuma, na bado aliwatoa kando wakale. Nikakumbuka na Ezekieli 36:26, ahadi ya kuondolewa moyo wa jiwe na kupewa moyo wa nyama. Tumezoea kuihubiri kwa walevi na wazinzi. Mimi ilinifikia kitandani, mtumishi mwenye moyo uliokakamaa kwa kusukuma bila kupokea.

Wanawake wenzangu walipokuja kunitazama walileta uji, wakanifulia, wakaniombea. Mmoja alininong'oneza kwamba nikishaombewa nisimeze vidonge, nitakuwa nimeonyesha imani haba. Nilimjibu pale pale, na nitamjibu hivyo yeyote: naamini maombi kwa moyo wangu wote, na dawa nitameza kila asubuhi. Nimewahi kumzika mama aliyeacha dawa za presha kwa ushauri wa namna hiyo. Inaniuma hadi leo.

Mavuno yalifanyika bila mimi, yakafana. Mchungaji alipokuja nyumbani nilimwambia naachia uenyekiti, ila namwomba kitu kimoja: Jumapili moja tuwaite wauguzi wapime presha baada ya ibada. Alikubali. Walipanga meza chini ya mwarobaini, foleni ikafika getini. Wengi walikuwa hawajawahi kupimwa. Mzee wa kanisa mmoja, ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika hata kichwa, alikutwa na presha kubwa kuliko yangu ya usiku ule, na vijana wa kwaya wakampeleka hospitali kabla ya chakula cha mchana.