Siku moja dukani kwangu Morogoro: rola mbili kwenye mizani

Saa 11 alfajiri

Simu imeniamsha kabla ya adhana. Ni mwalimu mmoja anayejenga kule Mkundi. Ametuma picha ya tangazo: rola ya waya wa umeme wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5), mita 100, shilingi 98,000, tunatuma mikoa yote. Chini ya picha ameandika, "Dada, kwako ni 145,000. Naomba unieleze."

Huu ni mwaka wa tisa nauza vifaa vya umeme. Swali hili sasa nalipata karibu kila siku. Zamani mteja alizunguka maduka matatu ya mtaa mmoja, akarudi kwa aliyempunguzia mia tano. Leo anaingia dukani na soko zima la Kariakoo, Dar es Salaam, kiganjani. Simlaumu hata kidogo. Mwalimu anajenga kwa mshahara, chumba hadi chumba, na kwake 47,000 ni mifuko miwili ya saruji pamoja na bajaji ya kuifikisha.

Nilipomwambia aje tuzungumze, akajibu, "Moja nimeshachukua. Imefika stendi ya Msamvu jana kwa basi. Nataka kuongeza mbili."

Nikamwandikia haraka, "Pita nayo dukani kwanza, Mwalimu. Fundi asiivute ukutani kabla hatujaonana."

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua, nafagia, natandaza. Wateja wa kwanza huwa mafundi, maana wanapita kabla ya kwenda saiti. Leo kaja kijana anayefunga umeme nyumba ya vyumba viwili. Anataka mita 7 za waya wa 1.5 na holda 3.

Kwenye kaunta nimegongea misumari miwili iliyoachana mita moja kamili. Nauvuta waya toka msumari hadi msumari, yeye anahesabu kwa sauti, mimi nahesabu kimoyomoyo. Ya saba ikitimia naongeza upana wa viganja viwili, ndipo nakata. Mwenyewe hajaomba, ila hakuna fundi wa hapa asiyejua kwamba kwangu kuna nyongeza.

Bei niiseme wazi. Anayechukua rola nzima ya 1.5 analipa 95,000, yaani mita kwa 950. Wa mita saba namtoza 1,200 kwa mita. Ukweli ni kwamba anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo. Linaniuma, lakini vipande vya mita moja na nusu vinavyobaki havina mnunuzi, na pango la duka nalipa miezi sita kwa mkupuo. Muuzaji wa mtandaoni anayehifadhi mzigo sebuleni kwake hana gharama hiyo. Ila na yeye hakukatii mita saba.

Jumla ikawa 11,400. Kijana akatoa 6,000, iliyobaki nikaiandika daftarini hadi Jumamosi.

Saa 4

Mzee wa kanisa kaingia na karatasi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nahitaji taa 40 za ukumbi. Lakini vijana wananiambia nipande treni nikachukue Kariakoo."

Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, tarehe 14 Juni 2024, maneno haya nayasikia kila wiki. Zamani Kariakoo ilikuwa safari ya kuamkia na kurudi umechoka. Sasa ni chini ya saa mbili kwenda, nauli ya daraja la kawaida 13,000, na jioni uko nyumbani unakula. Maduka makubwa sikuwahi kuyaogopa kama treni hii. Na mimi mwenyewe naipanda, kwa sababu mzigo wangu nao unatoka kulekule.

Nikatoa kikokotoo tukakaa kwenye benchi. Kwa taa anazotaka, Kariakoo angeokoa kama 1,500 kwa kila moja, jumla 60,000. Nauli kwenda na kurudi 26,000. Bajaji na chakula, tuseme 12,000. Inabaki 22,000, na siku nzima imeisha.

"Ni fedha ya waumini," akasema. "Elfu ishirini na mbili ni elfu ishirini na mbili."

Ni kweli. Nikamwambia aende, ila adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, awashe kila taa palepale kabla haijafungwa, na aulize ikiungua ndani ya mwaka anairudishaje. Akanishukuru, akaondoka. Taa 40 zimenipita hivyo. Ningeweza kumtisha kwa hadithi za mali feki, lakini wapo wauzaji waaminifu Kariakoo, ninawajua.

Saa 6 mchana

Mwalimu kafika na rola yake kwenye mfuko wa shule, bado imefungwa nailoni. Kwa macho ni nzuri: nyekundu inayong'aa, imeandikwa 2.5, imeandikwa mita 100. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, nimeitafuta pande zote, haipo.

Jirani yangu anauza misumari kwa kilo. Tukaazima mizani yake. Rola yangu ikasoma kilo 3.2. Ya mwalimu kilo 1.9.

Mwalimu akaigeuza, akaipima upya. Kilo 1.9.

Nikachukua kisu, nikamenya ncha ya kila waya, nikaanza kukwangua taratibu. Wangu ukabaki mwekundu kila nilipozidi kukwangua. Wake, kwa mikwaruzo mitatu tu, wekundu ukatoka kama rangi ya kucha na ndani pakaonekana peupe. Ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Niliukunja na kuukunjua mara chache, ukakatika mkononi.

Alumini nayo inapitisha umeme, kwa hiyo taa ingewaka na fundi asingejua kitu. Shida ni kwamba haipitishi vizuri kama shaba, na kwa unene uleule inapata joto zaidi. Huu waya wa 2.5 ndio wa soketi. Pasi ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, ongeza birika na friji kwenye njia hiyohiyo. Tena alumini ikibanwa na skrubu hulegea polepole, na pale palipolegea ndipo panapoanza kuungua, ndani ya ukuta, nyuma ya kitanda cha mtoto.

"Basi mtandao ni wezi," akasema.

Hapana, na sikutaka aondoke na neno hilo. Mwaka juzi nilinunua rola sita za aina hiyohiyo kwenye duka lenye mlango, kaunta na kalenda ukutani. Mbili nilishaziuza kabla fundi hajaniletea kipande kilichokwanguliwa. Niliwatafuta wateja wote wawili, nikawarudishia fedha zao, na hasara ikawa yangu. Kuwa na duka hakukunizuia kuuza kitu kibaya. Tofauti ni kwamba fundi alijua pa kunikuta. Mwalimu alipopiga namba ya tangazo akiwa amesimama mbele yangu, iliita hadi ikakatika, mara tatu.

Kwa hiyo 98,000 na 145,000 hazikuwa bei mbili za kitu kimoja. Hilo ndilo nililotaka alione kwenye mizani. Mtu akinionyesha waya wa shaba kamili, wenye alama ya TBS na risiti, kwa 130,000, basi mimi ndiye niliyezidisha na inabidi nijieleze.

Saa 8

Wali maharage na jirani wa misumari. Tukakumbuka waliowatia hofu wenye maduka madogo, hata kabla yangu: supamaketi za Shoprite, iliyoondoka nchini 2014, Uchumi, iliyofunga maduka yake ya Tanzania 2015, halafu Jumia ya mtandaoni, iliyofunga huku Novemba 2019. Kila mara ilisemwa duka la mtaani limekwisha. Waliobaki kushindana nasi leo hawana hata jina la kampuni: ni kurasa za Instagramu, magrupu ya WhatsApp na maboksi yanayoshushwa kwenye buti la basi Msamvu.

Saa 10 alasiri

Dada mmoja kanionyesha taa ya pambo ya sebuleni kwenye simu. Sina, na nikiagiza moja nitamuuzia ghali. Nikamwambia anunue hukohuko, bora alipe mzigo ukishafika na baada ya kuuwasha. Kamba na skrubu za kuitundikia akachukua kwangu.

Saa 12 jioni

Nafunga. Kabla ya kwenda nyumbani napitia duka la jumla kuchukua mchele, kilo 25, kwa sababu kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, kila kilo ina nyongeza ya shilingi 400. Kwa gunia zima tofauti ni 10,000, na nina wanafunzi wawili.

Bajaji ikapita mbele ya duka lake. Alikuwa amekaa mlangoni, akaliona gunia, akanipungia mkono kama kawaida. Mwezi wa tatu, nilipouguliwa na mdogo wangu, familia yangu ilikula kwa daftari lake siku kumi na moja. Nikasimamisha bajaji, nikashuka, nikanunua mafuta, chumvi, sabuni na mayai, vyote kwa bei yake. Hatukuzungumzia mchele. Sijui nitafanyaje mwezi ujao. 10,000 ni nyingi, na yeye pia ana pango la kulipa.

Saa 3 usiku

Mauzo ya leo 186,500. Madeni daftarini 412,000. Nimeyajumlisha mara mbili.

Simu ikaita. Mwalimu.

"Yule muuzaji amepatikana. Anasema nimrudishie mzigo kwa basi, nauli juu yangu, ndiyo afikirie."

"Pole, Mwalimu."

"Rola tatu nitachukua kwako. Moja nalipa kesho. Mbili... dada, mshahara ni tarehe 24."

Tatu ni 435,000. Nikampunguzia 5,000 kwa kila moja, zaidi ya hapo nakula mtaji. Nikamwambia aje na fundi wake, wazikwangue wenyewe kabla ya kubeba. Kisha nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake, 280,000, tarehe 24.