Jamu ya stroberi iliyonishinda mara ya kwanza

Stroberi hazingoji mtu. Nilizibeba kilo tatu kutoka soko la Marikiti, hapa Nairobi, asubuhi, na kufika jioni baadhi zilishaanza kutoa maji. Nilitaka jamu ya kutuvusha baridi ya Julai, ile ambayo watu wa Mombasa hawaiamini mpaka waje na kanga moja.

Mwalimu wangu ni shangazi, na yeye ni wa huko huko Mombasa. Hupika jamu ya mapera na hupima kwa kipimajoto: ikifika nyuzi 105, anaepua. Nikafuata vilevile. Kilo moja ya stroberi, robo tatu kilo ya sukari, na maji ya malimau mawili, maana stroberi zina pektini kidogo, ile inayoigandisha jamu, na bila ndimu au limau jamu haishiki vizuri. Kipimajoto kikapanda kwa kusitasita. Kilipogusa 105 nilikuwa na kashata nyeusi, mwiko umesimama wenyewe sufuriani.

Nikampigia. "Ulikuwa kwenye simu, mwanangu," akasema. Hapana, shangazi. (Mara moja tu.)

Nikakilaumu kipimajoto. Nikakitumbukiza kwenye maji ya chai yanayotokota: 94. Kibovu, nikasema, kesho nakirudisha dukani. Ndipo somo la fizikia la sekondari liliponirudia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Kumbe jamu huwa tayari ikipita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi tano hivi. Mombasa ni 105. Kwangu ni 99!

Usiku uleule nikapika kilo mbili zilizobaki. Safari hii niliweka pia kisahani kwenye friza. Ilipofika 99 nikadondosha tone, nikasubiri kidogo, nikalisukuma kwa kidole. Likakunja ngozi: imeshika. Nikaepua hapo hapo, nikajaza ingali moto kwenye chupa nilizokuwa nimezichemsha, nikafunga kwa vifuniko vipya, kisha nikazichemsha tena zikiwa zimezama majini. Wanasema dakika 10 zatosha kwa mwinuko wetu. Mimi niliacha 15, kwa woga.

Zilitoka chupa sita. Moja niliituma Mombasa kwa basi. Shangazi amesema sukari imezidi.