Siku yangu moja na konokono wa bondeni, Pemba

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikiwaambia nahesabu konokono, wengi wananyamaza kwanza alafu wanauliza tena, konokono kweli? Ndiyo, konokono kweli. Basi leo nawaandikia siku moja tu, ya juzi Jumatano.

Saa 11 alfajiri nishasali, nishakunywa chai ya rangi na muhogo uliobaki usiku. Saa 12 na nusu tuko kwenye pikipiki mimi na mwenzangu, ndoo nyuma, chekeche la mpini mrefu limefungwa ubavuni. Saa 1 na kitu tumepita kwa sheha, tumeshuka bondeni.

Tunayemtafuta anaitwa Bulinus globosus, konokono mdogo wa maji baridi, ukimshika ncha ikae juu utaona mdomo wa gamba uko kushoto. Huyu ndo anayebeba kichocho hapa kwetu. Mtoto mwenye kichocho akikojoa kwenye maji mayai yanaanguliwa, kidudu kinamwingia konokono, kinaongezeka humo wiki kadhaa alafu vinatoka maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Bila konokono kichocho kinaishia hapo hapo. Kwa hiyo unachota, unapekua chini ya majani ya yungiyungi, glovu mpaka kwenye kiwiko mana maji yale yale yanaweza kukupa na wewe. Saa 2 na saa 3 zote zimeishia hapo, nimeinama mpaka mgongo unawaka moto. Tumepata 37.

Saa 4 tunafungasha, juu ya tuta kasimama mzee mmoja na jembe lake. Shikamoo ami. Marahaba mwanangu, ndo nyie tena? Nikajua leo tutachelewa. Na kuchelewa kwetu si kudogo, vidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono kwa mwanga, zaidi jua likiwa kali kati ya mchana, ukifika maabara jioni umeshakosa.

Mzee akaanza. Mwaka juzi mlimwaga dawa hapa, kambale wangu wakaelea matumbo juu, mkaniambia konokono wamekwisha, leo mmejaza chupa, sasa mlikuwa mnaua nini? Kuhusu kambale alikuwa na haki yake, dawa ile ya niklosamidi haichagui, inaua konokono na samaki wanakwenda nayo, nikamuomba radhi kwa moyo mmoja. Lakini hakuishia hapo. Miye nafuga kuku, akasema, nikitaka kuku waishe nachinja matetea yote, jogoo peke yake atafanya nini? Kwa nini nyie hamuwatafuti majike?

Nikamwambia ami, hawa hawana jogoo wala tetea. Kila mmoja ni mume na ni mke, mwili mmoja una mbegu na una mayai. Astaghfirullah, akasema, sasa nani anamuoa nani?

Nikakaa juu ya ndoo. Wallahi jua nililiona linavyopanda, lakini swali kama lile mtu hakuulizi kila siku, na ndo swali lenyewe. Wakikutana wawili, nikamweleza, mmoja anapanda juu ya gamba la mwenzake, anazunguka mpaka ukingoni, yeye ndo mume kwa mara ile na wa chini ndo mke. Wakimaliza pengine wanabadilishana, pengine hapana. Na hapo ndo ugomvi ulipo, mbegu ni kitu rahisi na yai ni gharama, kwa hiyo mara nyingi kila mmoja anataka kuanza kuwa mume. Kuna jamaa zao wanaitwa Physa, yule wa chini kama hataki anatikisa gamba mpaka wa juu aanguke, na akizidi kung'ang'ania anamng'ata kile kiungo chenyewe. Kuna wengine wa madimbwi ya Ulaya, Lymnaea stagnalis, hao mume anatia pamoja na mbegu protini zinazomfanya mwenzake achelewe kutaga, na siku mwenzake akienda kuwa mume kwa mwingine anatoa mbegu pungufu. Wataalamu wa Amsterdam wamewafuatilia hao miaka mingi.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Hao wana vita ndani ya nyumba, akasema. Alafu akarudi pale pale, mana mzee mkulima humpotezi njia: haya, na mmoja akibaki peke yake?

Akibaki peke yake ami anajipa mimba mwenyewe. Huyu wetu anapendelea mwenza, na watoto wa kujizalisha wanakufa wengi zaidi, lakini wakipona wachache tu bonde lishaanza kujaa upya. Na bonde likikauka wengine wanajifukia kwenye tope wanangoja mvua. Ndo mana tunarudi, hatukukudanganya, dawa ile iliwaua kweli ila kuna waliobaki. Akanitazama kwa muda. Hilo la kujipa mimba siliamini mpaka nilione kwa macho yangu. Akaenda zake na jembe.

Maabara tukafika karibu na saa 7, hata sijala. Kila konokono kikombe chake, maji safi, chini ya taa, unangoja, alafu mmoja mmoja kwenye darubini. Macho yanauma. Kikombe cha 11 nikaviona, vidogo vina mkia wa panda vinapepesuka, na cha 29 tena. Wawili katika 37 ni wengi mtu akijua watoto wanaoga pale. Konokono akishaambukizwa kutaga kwake kunapungua mpaka kunakoma, nguvu zote zinakwenda kulea vidudu visivyo vyake. Na hivyo vidudu vikikua kwenye mwili wa mtu vina dume na jike mbali mbali, jike anaishi ndani ya mfereji kwenye mwili wa dume. Miaka yote hii na bado naliwaza hilo nikiwa nimeinama pale.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipopita kwenye rafu, jua lilikuwa lishaingia dirisha la magharibi. Kuna kikombe tumemuweka konokono mmoja tangu alipotoka kwenye yai, mdogo kama ufuta, sasa mwezi wa tatu hajawahi kukutana na mwenzake hata mmoja. Waliokaa wawili wawili walishataga zamani, huyu bado. Nikakiinua kwenye mwanga. Ubavuni kuna ute, laini, unapitisha mwanga, na ndani yake vidoa 9 vimepangana.

Nimekifunika kitambaa, nimekitia kwenye chupa ya mfuniko. Kesho asubuhi nakwenda nacho bondeni nimuoneshe ami, alafu nakirudisha.