Nilivyogundua baba wa mama mkwe hakuwa mgambo wa kawaida

Namba tatu zilinitosha kuanza: 201, 202 na 203. Zilikuwa kwenye beji ndogo ya kifuani yenye umbo la ngao, nyekundu na buluu, iliyokuwa katika vitu vya marehemu baba wa mama mkwe wangu. Familia nzima ilijua kwamba mzee, mkulima wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakati wa Vita vya Pili alikuwa kwenye mgambo wa Home Guard tu. Lakini mgambo wa kawaida hawakupewa beji ile.

Zilikuwa namba za vikosi vya mgambo vya kuzugia: 201 Uskoti, 202 kaskazini mwa Uingereza, 203 kusini. Nyuma yake kulikuwa na Auxiliary Units, jeshi la siri lililoundwa mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka na Wajerumani wakitazamiwa kuvuka bahari wakati wowote. Kanali Colin Gubbins ndiye aliyepewa kazi ya kuliunda. Walichukuliwa wakulima, walinzi wa misitu ya kuwindia, hata majangili. Watu wanaoijua njia ya porini bila taa.

Nilianza na mama mkwe, ambaye sasa amevuka miaka 80. Kumuuliza baba yake alifanya nini vitani ilikuwa kazi bure. Nikabadili swali: "Mama, usiku alikuwa akienda wapi?" Hapo akafunguka. Alikumbuka matope kwenye buti, na shajara ya mkulima ambayo watoto walikatazwa kuigusa. Nikashtuka, maana mafunzo ya vilipuzi ya kikosi hiki yalichapwa ndani ya kijitabu chenye jalada la shajara ya mwaka 1939, likiwa na tangazo la mbolea ya "Highworth" inayofanya kazi bila kuonekana mpaka uone matokeo. Aliyebuni hilo alikuwa na utani wake.

Highworth ni mji mdogo wa Wiltshire. Wanaokwenda mafunzoni waliambiwa waripoti posta ya hapo kwa Bi Mabel Stranks. Yeye aliwakagua, akapiga simu, ndipo gari likaja kuwapeleka jumba la Coleshill. Hakuwaambia chochote. Mimi niliyekulia Tanga, ambako siri haimalizi kikombe cha chai, nilimstaajabia mama huyu kuliko makanali wote.

Ushahidi niliupata Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Majalada ya WO 199, ya iliyokuwa Wizara ya Vita, yana orodha za majina ya wanachama. Nenda na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya wakati ule, la sivyo utapotea kwenye akina Smith. Jina la mzee lilikuwepo. Lilikuwepo pia la jirani ambaye, kwa maneno ya mama mkwe, hawakusalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya ua wa mpakani.

Kisha tukaomba ruhusa kwa mwenye shamba, tukaenda kuliona handaki la kujificha la kikosi chake. Mengi yameporomoka, hili bado lina paa la mabati yaliyopinda, na bomba la kutorokea upande wa pili. Mpango ulikuwa Wajerumani wakifika, wanaume wachache washuke humo, wawaache wapite juu, kisha usiku watoke kulipua maghala ya mafuta na reli. Chakula kiliwekwa cha kama wiki mbili. Hawakutarajiwa kuishi zaidi ya hapo, nao walilijua hilo. Uvamizi haukuja, na Novemba 1944 wakavunjwa bila gwaride.

Mama mkwe hakuweza kushuka, kwa hiyo nilimwonyesha picha kwenye simu. Alizitazama moja moja, kisha akauliza, "Na choo?"

Nikamwambia: ndoo yenye dawa, humo humo ndani.

"Yeye na yule jirani?" Akacheka mpaka akaomba maji.