Mgomba ulioangushwa na kusi

Juzi usiku kusi lilivuma hapa Malindi, na asubuhi nikaukuta mgomba wangu wa mkono wa tembo umelala juu ya kamba ya nguo, mkungu wake bado mchanga. Gongo nililouegemezea halikuwepo. Mtoto wa kaka yangu alilichukua kufungia mbuzi. Nishasema naye, yameisha.

Basi nikampa panga aukatekate. Baada ya kidogo akaniita: "Shangazi, mbona hauna mbao?"

Swali zuri hilo. Mgomba tunauita mti kwa mazoea tu, ila hauna ubao hata chembe. Kile tunachokiita shina ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, vimejaa maji na vijumba vya hewa. Nikamkatia kipande cha duara akaona. Katikati mna kijiti cheupe, laini: hicho ndicho kilichobeba ua. Shina lenyewe limo ardhini, lile donge tunalolichimba tukitaka kuhamisha machipukizi. Ua huanzia huko chini, likapanda ndani kwa ndani mpaka kileleni, likachomoza na kuinama. Maua ya mwanzo, ya kike, ndiyo yanayogeuka chane; yanayofuata ni ya kiume, hayazai. Mgomba wa juu ukishazaa mara moja basi, hufa, na donge huendelea kwa watoto wake pembeni.

Jamaa zake nao wako jikoni kwangu: tangawizi, manjano na iliki zimo katika oda moja, yaani ukoo mkubwa mmoja wa mimea, na mgomba. Kijana alidhani namtania.

Akauliza tena, mbegu je? Zile nukta nyeusi ndani ya ndizi mbivu ni mbegu zilizokwama kabla ya kukua. Ndizi za mwituni za Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana, zina mbegu ngumu za kuvunja meno. Zetu nyingi zimetokana na hao wawili kuchanganyika, zikabeba seti tatu za kromosomu, zile nyuzi za urithi, badala ya mbili, ndiyo maana ni tasa. Linnaeus, mtaalamu wa kuipa mimea majina, mwaka 1753 aliupa mchanganyiko huo jina la Musa paradisiaca kama kwamba ni spishi kamili. Mwaka 1955 watafiti wa ndizi Simmonds na Shepherd wakaleta herufi, moja kwa kila seti: A ya acuminata, B ya balbisiana. Kwa hesabu yao mkono wa tembo ni AAB, ndizi bokoboko ni ABB. Sawa, lakini nenda sokoni ukaombe chane ya AAB uone utakavyotazamwa. Mkono wa tembo hata mtoto anaujua kwa umbo.

Kanga yangu imeingia utomvu, na doa la mgomba halitoki. Sasa ni ya shambani. Chipukizi moja limesimama palepale, limefika kiunoni. Gongo lake nimeliweka chumbani mwangu, na mbuzi nimemnunulia kamba ndefu.